Targeti imehesabiwa mara mbili, alafu sisi ndio tunaitwa wavivu

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, najua umezoea barua za mitaro, maji na nauli za daladala, leo nakuletea ya ofisini, ila nivumilie maana inawagusa watu wengi sana wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kuuza sabuni na mafuta ya kula na kila mwisho wa mwezi wanaambiwa hawajafika.

Mimi nimeuza miaka sita. Nimezunguka na kirikuu Mbagala yote, Tandika, Kongowe, Chamazi enzi hizo vumbi tupu, mpaka mgongo ukagoma nikahamishiwa ndani kwenye mambo ya ripoti, yaani ile dashibodi ambayo zamani ilikuwa inaniangalia mimi sasa mimi ndio naiangalia yenyewe. Kampuni siitaji jina, bado nakula ugali wake.

Kwa wasioijua, pale ofisini ukutani kuna skrini kubwa kama zile za kwenye mabanda ya mpira. Kushoto mauzo mpaka leo, katikati targeti, kulia makisio, yaani kwa mwendo huu mwezi utaishia wapi, na chini yake majina yetu na rangi, kijani umefika asilimia 90 kwenda juu, njano unasuasua, nyekundu una maelezo ya kutoa. Hayo makisio wala hayana uchawi, inachukua ulichouza mpaka jana, inagawa kwa siku za kazi zilizopita, inazidisha kwa siku zote za kazi za mwezi, basi. Sasa ukishakuwa na mauzo ya kweli na targeti ya uongo, asilimia yako itakuwa ya uongo tangu tarehe 2, na kila asubuhi kwenye kikao cha saa moja na nusu mnaonyeshwa uongo ule ule kwa rangi nyekundu mpaka na nyie mnauamini.

Ilianzia kwa dada mmoja wa timu ya Temeke. Jumamosi mchana kaja mezani kwangu na bahasha ya kaki, ndani barua ya onyo, mwezi uliopita eti kafikisha asilimia 52. Hakulia wala hakugomba, katoa kauntabuku yake kwaya mbili, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi, kila duka limeandikwa na tarehe na idadi, mangi wa kona ya Zakhem katoni 12, mama wa genge karibu na kituo katoni 3, hadi zile za mkopo kazizungushia duara jekundu. Akaniambia, "Kaka, hebu nihesabie wewe, mi nimehesabu mara tatu napata 624. Targeti yetu si 600? Hiyo 52 wameitoa wapi?"

Nikachukua kikokotoo. 624 kwa 600 ni asilimia 104. Huyu mtu kavuka! Nikaigeuza, 624 ni asilimia 52 ya ngapi? Ya 1,200. Nikajua hapa kuna kitu, maana namba haiwezi kukosea ikaangukia mara mbili kamili hivi hivi tu.

Nikafungua shiti ya targeti, ile ambayo dashibodi inavuta namba zake. Jina lake lipo mara mbili. Mara ya kwanza Tandika 600, mara ya pili Mbagala 600. Kumbe mwezi ule tarehe 11 alihamishwa ruti, yule wa Mbagala alikuwa ameacha kazi na Tandika ikachukuliwa na gari la Temeke Mwisho, basi aliyeingiza uhamisho akafungua mstari mpya wa Mbagala na ule wa Tandika akauacha wazi unapumua. Kwenye makaratasi dada ni mmoja, kwenye sistimu ni wawili, na wote wawili wanadaiwa mwezi mzima.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeokoa mtu mmoja, lakini nilipoangalia jumla ya timu jasho likanitoka. Timu ile ni watu wanane, kila mmoja katoni 600 kwa mwezi, kwa hesabu ya darasa la tatu ni 4,800. Skrini inasema targeti ya timu ni 10,200. Toa 4,800 ya watu, toa 600 ya mstari wa pili wa yule dada, zinabaki 4,800 kamili. Nikashuka na ile kolamu taratibu kwa kidole kama mtu anayetafuta jina kwenye matokeo ya darasa la saba, chini kabisa nikakuta mstari wa supavaiza, 4,800. Mtu alitaka supavaiza nae aione targeti ya timu yake, akajumlisha watu wake wote akaiandika kwa mkono kwenye kolamu ile ile, dashibodi kazi yake kujumlisha, imejumlisha watoto, imejumlisha na baba ambaye ni jumla ya hao hao watoto.

Mwezi ule timu iliuza katoni 4,512. Ukiweka juu ya 10,200 ni asilimia 44. Ukiweka juu ya 4,800, ambayo ndio waliyosainishwa, ni 94. Bonasi ya timu inaanzia 90, Mhariri. Watu wanane na ada za watoto na kodi za nyumba walikosa bonasi kwa sababu ya mstari mmoja wa supavaiza na mmoja wa uhamisho.

Na angalia kitu hiki ambacho mimi kinaniuma zaidi, mauzo yenyewe hakuna aliyeyatilia shaka. Kila katoni ina risiti ya EFD, ina ankara, ina sahihi ya mwenye duka, ukiuza 12 ukaandika 13 utaitwa mwizi siku hiyo hiyo. Targeti haina risiti. Namba ya juu, yaani mauzo, inakaguliwa na stoo, uhasibu na TRA, namba ya chini, yaani targeti, kaiandika mtu mmoja jioni akiwa na haraka ya kuwahi gari na hakuna aliyeigusa tena, wakati asilimia inatengenezwa na zote mbili.

Nikapeleka kwa bosi. Sitamsema vibaya, alinisikiliza, akashtuka, akasema haya tatizo si mara mbili, basi gawanyeni kwa mbili tuendelee na kazi. Kijana wa IT akaweka fomula, kila targeti ya timu gawa kwa mbili, dakika tano kazi imeisha, watu wakapiga makofi kwenye grupu la WhatsApp. Mimi nikatoa kikokotoo tena. 10,200 kwa mbili ni 5,100. Siyo 4,800! Maana kilichojirudia siyo kila kitu, watu saba wamehesabiwa mara mbili, mara moja wenyewe na mara moja ndani ya supavaiza, ila yule dada kahesabiwa mara tatu. Na 4,512 kwa 5,100 ni asilimia 88. Umeona ilipoangukia? Mbili tu chini ya bonasi. Tungenyamaza tungekosa bonasi kwa mara ya pili, safari hii kwa jina la marekebisho. Na timu ya Ilala ambayo supavaiza wao hakuwa na mstari wake kabisa, wao walikuwa sawa tangu mwanzo, ile gawa kwa mbili ikawapa asilimia 180 na kitu, wakaanza kupongezwa kwa ushindi ambao hata wenyewe walikuwa wanauonea aibu.

Haya, madhara yake hayaishii kwenye barua za onyo. Skrini ikisema targeti 10,200 na umeuza 4,512, pengo ni 5,688. Pengo la kweli lilikuwa 288, kazi ya timu nzima ya siku mbili hivi. Wenzetu wa manunuzi wanaangalia hilo hilo pengo kuagiza mzigo kiwandani, kwa hiyo godauni likajaa sabuni ya mche mpaka tukapanga kwenye veranda na kufunika turubai, alafu amri ikashuka, sukumeni mzigo. Kusukuma maana yake unamkopesha mangi asichohitaji. Nilipanda gari siku moja nikaone mwenyewe, tukafika duka moja Rangi Tatu, tukashusha pumzi, mwenye duka hata hakusalimia, akainua pazia la nyuma akatuonyesha katoni za mwezi uliopita zimekuwa kitanda, kaweka na godoro juu. Akasema, "Mnataka nilalie ghorofa?" Tulicheka, lakini tuliondoka na mzigo wetu. Wengine hawaondoki nao, wanapiga ankara tarehe 30 kwa duka la rafiki, wanapata kijani, tarehe 2 mzigo unarudi stoo umepoteza nauli mbili. Sitetei huo mchezo, ni wizi wa kujiibia. Lakini mtu akiwekewa mlima ambao haupo atapanda hivyo hivyo kwa namna yake.

Sasa namna ya kurekebisha, na hapa naomba wakubwa wa kampuni zetu wanisome taratibu kidogo. Targeti inakaa sehemu moja tu na kwa mtu wa chini kabisa, yule anayeibeba barabarani. Mtu mmoja, ruti moja, kipindi kimoja, mstari mmoja. Supavaiza na meneja wa kanda hawaandikiwi targeti kwenye shiti hiyo, yao inapatikana kwa kujumlisha ya watu wao, ikihitajika ionekane inajumlishwa pale pale kwenye skrini na siyo kuandikwa tena. Najua kuna wajanja wa Excel watasema weka SUBTOTAL badala ya SUM, ni kweli, SUBTOTAL ya jumla kuu inaruka SUBTOTAL ndogo zilizo ndani yake na haijumlishi mara mbili, mimi mwenyewe naitumia, lakini dashibodi haijali fomula uliyoweka, inabeba namba iliyopo kwenye kisanduku, kwake 4,800 ya fomula na 4,800 ya mkono ni ndugu. Ule mstari utoke kabisa kwenye chanzo.

Pili, mtu akihama ruti kila mstari uwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Yule dada alikaa Tandika siku 10 kwenye mwezi wa siku 30, kwa hiyo Tandika inambeba 200, Mbagala inambeba 400, jumla 600 ile ile. Hakuna fomula ngumu hapo, ila lazima mtu afunge mstari wa zamani kabla hajafungua mpya, kama unavyorudisha funguo za nyumba ya kupanga kabla hujahamia kwingine.

Tatu hii iliturudia tena wakati tunadhani tumepona. Wakaomba dashibodi ionyeshe kwa bidhaa, sabuni ya mche, sabuni ya unga, mafuta. Kijana akaunganisha jedwali la mauzo na la targeti kwa jina la muuzaji, na kwa kuwa kila muuzaji sasa ana mistari mitatu ya mauzo, targeti yake ya 600 ikajibandika kwenye kila mstari, ikawa 1,800. Tukaamka wote wekundu, hata yule anayeongozaga kila mwezi! Dawa yake ni kujumlisha mauzo ya mtu kwanza yawe mstari mmoja, ndipo ukamletee targeti yake, na kama unataka targeti kwa bidhaa basi kaa chini uigawe kweli kwa bidhaa, usiache kompyuta ikuzalishie.

Na mwisho kabla skrini haijawashwa tarehe 1, mtu ajumlishe targeti za wauzaji, alinganishe na ile karatasi ambayo mkurugenzi kasaini. Zikipishana hata katoni moja hiyo dashibodi isionyeshwe kwa mtu. Sisi sasa hivi tunafanya hivyo, inachukua kama dakika kumi.

Kuna mkubwa mmoja aliniambia, kijana, targeti za wauzaji huwa tunazizidisha kidogo makusudi, ili wachache wakianguka kampuni ifike. Sina ugomvi na hilo, hata mama ntilie anapika sahani mbili zaidi. Kuna na kampuni ambazo mauzo mamoja yanahesabiwa kwa watu wawili kwa makubaliano, yule wa gari na yule anayeshughulika na maduka ya jumla, wote walihangaika, sawa, ila kule juu yakijumlishwa yahesabiwe mara moja. Tofauti ni kwamba hiyo ya makusudi inajulikana ni ngapi, kaiweka nani, na muuzaji kaisaini. Hii yetu ilikuwa inazidisha zaidi ya mara mbili na hakuna aliyeiweka, alafu ikaandikiwa watu barua.

Mhariri, wakati nahangaika na hili nilikumbuka sensa ya 2022. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti mimi nililala gesti Kibiti, tulikuwa tumepeleka mzigo gari likagoma. Karani alipofika nyumbani kwangu Chamazi siku kadhaa baadae hakuuliza nani anaishi hapa, aliuliza nani alilala hapa usiku ule, mke wangu akasema baba watoto hakulala, wakaniruka, nikawa wa Kibiti. Mke wangu alikasirika kidogo kwa sababu zake, lakini ndio hivyo, nchi nzima ikapatikana watu 61,741,120 na mimi nimo mara moja tu. Serikali ilituma watu na vishikwambi nchi nzima kuwauliza watu walilala wapi, sisi wauzaji wanane tumeshindwa kuuliza dada yetu analala Tandika au Mbagala?

Alafu kuna sheria, na hii wenzangu wa mauzo wengi hatuijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za utendaji bora zilitoka kwenye Tangazo la Serikali namba 42 la 2007. Kanuni ya 17 inasema mtu akitaka kuachishwa kwa kigezo cha utendaji mbovu, iangaliwe kama kweli hakufikia kiwango, kama alikijua hicho kiwango, kama kiwango chenyewe kilikuwa cha busara na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Sasa targeti ya 1,200 ambayo mtu hakuwahi kuambiwa, yeye kasaini 600, inapita wapi hapo? Na ukifukuzwa una siku 30 tu kupeleka lalamiko lako CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukikaa unasikitika nyumbani zinapita. Kwa hiyo wenzangu tunzeni kauntabuku zenu, na siku ya kusaini targeti piga picha ile karatasi kwa simu, na mwezi ukiisha omba uonyeshwe mstari wako kwenye shiti, siyo ile skrini ya rangi, mstari wenyewe. Asilimia yako igeuze kama nilivyoigeuza mimi, gawa ulichouza kwa asilimia, zidisha kwa mia, uone sistimu inakudai ngapi. Kama siyo uliyosaini, anzia hapo.

Nawaona mitandaoni watu wanavyosema vijana wa siku hizi hawawezi mauzo, wanataka kukaa kwenye kiyoyozi. Wapo hao, nimefanya nao kazi. Ila mimi nilipokuwa kwenye gari niliwahi kukaa miezi minne mfululizo kwenye nyekundu, nikaanza kuamini sijui kuuza, nikaacha hata kula mchana ili nipate duka moja zaidi, na leo nikirudi kwenye zile shiti za zamani, kwa bahati nzuri au mbaya bado zipo, nakuta kolamu ile ile na mstari ule ule wa supavaiza chini.

Kwetu mambo yamerekebishwa tangu mwezi huu na dashibodi inasoma 4,800 kama inavyotakiwa. Bonasi ya mwezi ule hatujalipwa, tumeambiwa hesabu zilishafungwa, tunafuatilia. Barua ya onyo ya yule dada bado ipo kwenye faili lake ofisi ya utumishi, Jumatatu nilipeleka nyaraka nikaiona, ina mhuri, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu ya bluu 52% kaipigia mstari mara mbili. Niliomba ruhusa niandike 104 pembeni yake na tarehe. Wamesema watanijibu.

Ni mimi,
Muuzaji wa zamani,
Chamazi, Dar es Salaam